Mwanangu Halali Tangu Aangalie Anime

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Wa kwanza ni binti wa miaka 13, yupo kidato cha kwanza. Mdogo wake wa kiume ana miaka 9. Likizo iliyopita binamu yao kutoka Dar alikuja na flashi imejaa katuni za Kijapani, wenyewe wanaziita anime. Nikaona afadhali, angalau wametulia ndani, hawazururi. Haukupita muda, mdogo akaanza kuamka usiku analia. Choo chetu kiko nje, haendi peke yake hata saa moja jioni, na mchana ananifuata nyuma mpaka jikoni. Nilipombana akasema ameona majitu makubwa yasiyo na nguo yanakula watu huku yanacheka. Dada yake anadai nakuza mambo: “Ni katuni tu, mama.” Baba yao amechukua flashi anataka kuichoma moto, amepiga marufuku anime nyumbani, anasema ni mambo ya kishetani, humo kuna mpaka miungu ya kifo. Binti amenuna, hamsemeshi baba yake.

Nikaamua kuangalia mwenyewe. Moja nikakuta wasichana wa shule wamechorwa nusu uchi, nikaizima. Nyingine ilikuwa ya watoto wawili, kaka na mdogo wake wa kike, wakati wa vita, wanabaki peke yao. Ile nimelia mpaka mwisho. Sasa nimechanganyikiwa. Lugha siielewi, majina siyajui. Nitajuaje ipi inamfaa mtoto na ipi haimfai? Au nimuunge mkono mume wangu tuzifute zote?

Mama wa wawili, Morogoro

*

Mwanangu,

Tuanze na huyo mdogo, maana ndiye anayeumia. Usiruhusu mtu yeyote nyumbani amcheke wala amwambie mwanaume haogopi. Msindikize chooni kila anapoomba, usimsute, na kwa muda huu mlaze karibu na mtu. Hofu ya namna hii kwa mtoto wa umri wake kwa kawaida hupungua akishahakikishiwa usalama wake na akiacha kuonyeshwa kilichomtisha. Ikiendelea wiki baada ya wiki, au akianza kuacha kula na kukataa shule, mpeleke kituo cha afya azungumze na mtaalamu.

Kwa jinsi anavyoeleza, alichokiona ni Attack on Titan, hadithi ya Hajime Isayama iliyoanza kuchapishwa Japani mwaka 2009 na kumalizika 2021. Anime yake ilianza kuonyeshwa 2013, ikaisha 2023. Nimeiangalia yote na ninaiheshimu. Inahusu vita, chuki ambazo watoto hurithishwa na wazazi wao, na watu wanaoishi kwa kujifungia nyuma ya kuta. Mtu mzima anaweza kuimaliza akakaa siku kadhaa akiitafakari. Lakini hebu itazame episodi ya kwanza tu kwa macho ya mwanao. Ukuta wa mji unabomolewa. Mtoto wa kiume anakimbilia kwao, anakuta nyumba imeporomoka na mama yake amelaliwa miguu na magogo. Mtoto anajaribu kunyanyua, magogo hayatikisiki. Mama anamsihi akimbie, mtoto anakataa. Jitu linakaribia, uso wake umekenua meno kama linafurahi. Askari mmoja anayeifahamu familia ile anambeba mtoto begani na kukimbia naye, na kutoka pale begani mtoto anashuhudia mama yake akinyanyuliwa na kuliwa.

Wewe umesema mwanao anakufuata mpaka jikoni. Mimi nasoma hivi: hofu yake kubwa si kwamba jitu litamla yeye. Anakuja kuhakikisha kwamba wewe bado upo. Damu ile ataisahau mapema kuliko yule mama aliyebanwa na yule mtoto aliyeshindwa kumwokoa. Ndiyo maana katika kupima anime usiishie kuuliza kuna damu kiasi gani. Uliza pia kile kinachotokea kinamgusa mtoto wako mahali gani. Mtoto aliyewahi kufiwa, mtoto ambaye baba na mama wanagombana mbele yake, mtoto aliyenusurika ajali, kila mmoja ana jambo lake ambalo picha moja inaweza kuliamsha, hata kama watoto wengine wote darasani wameiona picha hiyohiyo na wamelala salama.

Sasa hilo la “katuni tu.” Binti yako hadanganyi, anasema anachokiamini, na ndicho wanachoamini wazazi wengi. Tumezoea kwamba kilichochorwa ni cha watoto, kwa hiyo tunawawashia runinga na kuendelea na shughuli zetu. Japani hawaoni hivyo. Anime nyingi hutokana na manga, yaani hadithi za michoro zinazotoka kwenye majarida, na majarida hayo hulenga wasomaji wa rika fulani. Ya watoto wadogo huitwa kodomo. Ya wavulana ni shonen, ya wasichana ni shojo. Ya wanaume watu wazima ni seinen na ya wanawake watu wazima ni josei. Kwa hiyo kabla hujamwekea mtoto anime yoyote, tafuta jina lake kwenye simu ujue ilitoka kundi gani. Ukikuta seinen au josei, hapo hakuna mjadala kwa mtoto wa miaka 9: waliotunga hawakuwa naye akilini.

Ila ukikuta shonen usifikiri umefika salama. Kundi hilo ni pana, linaanzia mtoto wa shule ya msingi mpaka kijana anayekaribia kumaliza sekondari. Jarida moja, Weekly Shonen Jump, lilikuwa na One Piece, Naruto na Death Note kwa wakati mmoja. One Piece ni ya maharamia wanaocheka, kupigana na kulia pamoja. Death Note ni ya mwanafunzi mwerevu aliyeokota daftari ambalo kila anayeandikwa jina lake humo anakufa, naye anaanza kuandika. Hata hiyo Attack on Titan iliyomkosesha mwanao usingizi ilitoka kwenye jarida la shonen. Neno hilo linakuonyesha mlango tu. Ndani lazima uingie mwenyewe.

Na uchoraji usikudanganye, maana hapo ndipo wazazi wengi tunapokamatwa. Ukikutana na Made in Abyss utaona watoto wawili wenye mashavu ya mviringo na macho makubwa, majani ya kijani, mawingu, muziki laini. Mtu yeyote angesema ni ya watoto wa chekechea. Hadithi ni ya binti wa miaka 12 anayeshuka kwenye shimo lisilo na mwisho kumtafuta mama yake, na kadiri anavyoshuka ndivyo anavyoumizwa. Yapo mateso ya watoto mle ambayo mimi mwenyewe nilisimamisha nikatoka nje kupunga upepo. Filamu yake ya mwaka 2020 iliwekwa daraja la R15+ huko Japani, kwa maana kwamba aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuingia ukumbini. Hiyo ndiyo anime ambayo mama angemwachia mtoto na kuondoka kwa sababu ya ule uzuri wa picha.

Au Puella Magi Madoka Magica ya mwaka 2011, yenye episodi 12. Wasichana wa shule, nguo za rangi ya waridi, kiumbe mweupe anayefanana na paka anayewaahidi kuwatimizia haja ya moyo. Episodi mbili zinapita hivyo. Mwisho wa episodi ya tatu msichana ambaye mtoto ameshampenda anang'atwa kichwa na kuuawa papo hapo, na kuanzia hapo hadithi haicheki tena. Kwa sababu ya anime kama hiyo huwa nawaambia wazazi: usihukumu kwa episodi ya kwanza peke yake. Angalia tatu za mwanzo, kisha ruka uangalie moja ya katikati. Ukikosa muda wa kufanya hivyo, basi mtoto mdogo asiangalie bado.

Japani yenyewe wazazi wanahangaika kama wewe. Kuna Crayon Shin-chan, mtoto wa miaka mitano mwenye nyusi nene anayeshusha suruali na kutikisa makalio mbele ya wageni. Imechorwa kama mtoto wa chekechea ndiye aliyeishika kalamu. Lakini ilianza mwaka 1990 kwenye jarida la wanaume wazima, na ilipoingia kwenye runinga mwaka 1992 watoto wakaipenda kupita kiasi. Kwa miaka mingi, wazazi wa Japani walipoulizwa na chama chao cha wazazi na walimu ni vipindi gani wasingependa watoto wao waangalie, hiyo ilikuwa inatajwa mbele kabisa. Kwa hiyo usijione mshamba.

Hiyo iliyokuliza ni Grave of the Fireflies, filamu ya Isao Takahata ya mwaka 1988, ya studio ya Ghibli. Kaka anaitwa Seita, mdogo wake Setsuko. Mama yao anakufa kwa kuungua mji wa Kobe ulipopigwa mabomu mwaka 1945, na wao wanakufa kwa njaa. Hakuna pepo humo, hakuna upanga, hakuna msichana aliyevuliwa nguo, na kila inachokisema kinafaa kusemwa. Lakini kwa mtoto wako wa miaka 9, kwa hali aliyo nayo sasa, ni sumu, kwa sababu nayo ina mama anayekufa. Ilipotoka kwa mara ya kwanza ilionyeshwa pamoja na My Neighbor Totoro, filamu tamu ya Hayao Miyazaki kuhusu watoto wawili na kiumbe mkubwa wa msituni, zote kwa pamoja ukumbi mmoja. Fikiria mzazi aliyempeleka mtoto kumwona Totoro. Studio moja, mwaka mmoja, na moja ni ya mtoto wa miaka mitano, nyingine hata wewe mtu mzima huimalizi na macho makavu.

Kuhusu madaraja ya umri: yapo, yatumie, ila usiyaachie kazi yote. Japani filamu za ukumbini hupangwa G, PG12, R15+ na R18+. Kenya ipo bodi ya kuainisha filamu, inatumia GE, PG, 16 na 18. Kwetu Bodi ya Filamu hukagua na kupanga. Huduma za kulipia kama Netflix huandika umri mwanzoni mwa kila kipindi, na unaweza kumfungulia mtoto ukurasa wake, ukaweka namba ya siri kwenye wako, na kufungia majina usiyoyataka. Sasa angalia: filamu ya Demon Slayer iitwayo Mugen Train, ya mwaka 2020, Japani ilipewa PG12. Mtoto wa miaka 12 aliingia mwenyewe, mdogo zaidi kwa ushauri wa mzazi. Marekani filamu hiyohiyo ilipewa R, ambayo inamtaka aliye chini ya miaka 17 aende na mtu mzima. Bodi mbili zenye akili timamu zimetazama picha zilezile na zimetofautiana miaka mitano.

Na mimi kwenye filamu hiyo nina neno ambalo daraja haliwezi kukwambia. Tanjiro, shujaa wake, amelazwa usingizi na pepo, na anagundua kwamba ili aamke ni lazima ajiue ndani ya ndoto. Anajikata shingo. Anaamka, analazwa tena, anajikata tena. Kwa kijana mkubwa hiyo ni hila ya hadithi na inaonyesha ujasiri wake. Mtoto wa miaka 7 au 8 haoni hila. Anachoona ni mtu mwema anayempenda akijiua, na kujiua kukimsaidia. Vichwa vya mapepo vinavyokatwa kila dakika havinipi wasiwasi kama huo.

Flashi ya binamu, kama unavyojua, haikupita kwenye bodi yoyote. Na ina tatizo la pili ambalo ndilo kubwa kwa watoto wetu. Anime nyingi zinafika huku sauti ikiwa Kijapani na maandishi ya chini yakiwa Kiingereza. Binti yako wa kidato cha kwanza anasoma kidogo kidogo. Mdogo wake hasomi chochote, yanapita kabla hajamaliza neno la kwanza. Yeye anapata picha peke yake. Rudi kwenye Death Note: hukumu juu ya yule kijana mwenye daftari, mabishano kuhusu haki, namna anavyoharibika taratibu akijidanganya kwamba anaitengeneza dunia, vyote vimo kwenye maneno. Mtoto asiyeelewa maneno anabaki na mwanafunzi mzuri wa sura, anayeongoza darasani, anayeua watu kwa kuandika majina yao na kula chipsi. Kwa hiyo anime inayoweza kumfaa mtoto wa Tokyo wa miaka 12 anayeelewa kila sentensi inaweza isimfae mwenzake wa Morogoro wa miaka hiyohiyo. Mimi humwongezea mtoto asiyeelewa lugha miaka miwili juu ya umri ulioandikwa. Hilo ni pendekezo langu, hakuna bodi iliyolitoa.

Tuje kwa wasichana nusu uchi. Ulizima, ulifanya vizuri. Hapa ndipo mimi ni mkali kuliko kwenye damu, na sababu yangu ni hii: mtoto akiona mtu anakata kichwa cha jitu kwa panga la moto, hawezi kufanya hivyo kesho shuleni. Akiona mvulana anamshika msichana matiti kwa mzaha na kila mtu anacheka, hilo anaweza kulifanya kesho, wakati wa mapumziko, na kuna binti wa mtu atakayelia. The Seven Deadly Sins ni anime ya wavulana, mapigano yake yanasisimua, watoto wanaipenda. Shujaa wake Meliodas anamshikashika binti mfalme Elizabeth tangu mwanzo bila ridhaa yake, mara kwa mara, na hadithi inataka tucheke. Haihitaji mtu kuvua nguo ili iwe imefundisha jambo baya. Na wengi wanaochorwa hivyo kwenye anime za shule ni watoto wa umri wa binti yako. Mweleze binti waziwazi kwa nini uliizima. Yeye anakua, mwili wake unabadilika, na anastahili kusikia kwa mama yake kwamba kumgeuza msichana wa shule kuwa kichekesho cha namna ile ni kumdhalilisha.

Lipo pia kundi ambalo ni ponografia kamili iliyochorwa, na majina yake huchanganyika na ya kawaida pale vijana wanapopakua ovyo. Kwenye hilo usitafute hekima. Futa. Kama flashi ilijazwa kwenye banda la muvi, nendeni wewe na mume wako mkamwambie mwenye banda kwamba anaweka vitu hivyo mikononi mwa watoto. Mkumbusheni kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza ponografia, na adhabu yake siyo ndogo.

Sasa mume wako. Mheshimu kwa hili, maana anachotaka ni kuwalinda wanawe. Ni kweli kwamba humo kuna mapepo, mizimu, na hao miungu ya kifo ambao Wajapani huwaita shinigami. Wametoka kwenye simulizi na imani za kwao, kama sisi tulivyo na zimwi. Watoto wa pwani na bara wamekua wakisikia hadithi ya zimwi lililomtia binti ndani ya ngoma likizunguka naye vijijini aimbe, na hakuna bibi aliyekuwa anawafundisha wajukuu kuabudu zimwi. Alikuwa anawafundisha wasibaki nyuma ya wenzao. Kwenye Demon Slayer pepo kwa kawaida ni adui, na Tanjiro mara nyingi anapomuua mmoja anamwonea huruma kwa vile alikuwa binadamu. Zipo nyingine ambazo humo pepo ni rafiki na uchawi ni sifa. Familia yenye dini yake ina haki ya kusema hayo hayaingii kwangu, na mimi sitawaambia vinginevyo. Ninachomwomba baba ni atazame moja pamoja na binti kabla hajahukumu zote. China mwaka 2015, Wizara ya Utamaduni ilipopiga marufuku anime na manga ilizoona zinaharibu vijana, ilitaja majina 38, Attack on Titan na Death Note yakiwemo. Hata serikali ile haikufuta kila kitu. Ilikaa ikachagua. Na flashi ikichomwa leo, kesho binti ataangalia kwenye simu ya rafiki, peke yake, bila mtu wa kumuuliza.

Jambo la macho nalisema haraka kwa sababu halihusu maadili. Tarehe 16 Desemba 1997 episodi moja ya Pokémon ilionyesha mwanga mwekundu na wa bluu ukipishana kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 wa Japani wakapelekwa hospitali, wengine wakiwa wamepata degedege. Kipindi kilisimamishwa miezi minne. Tangu hapo anime nyingi huwaambia watoto waangalie wakiwa na taa na wakae mbali na runinga. Kwa hiyo zima tabia ya kuangalia gizani simu ikiwa puani, na kama mtoto ana kifafa mwambie daktari kabla hajaangalia mapigano ya mwanga mwingi.

Umeuliza utajuaje. Jina ukishalipata na kundi ukishalijua, kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mdomo wa mtoto mwenyewe. Akimaliza episodi mwambie akusimulie wakati unachambua mchele. Usimhoji kama polisi, msikilize. Akikwambia nani alifanya nini, kwa nini, na nani alikosea, huyo anaelewa anachokitazama. Akikueleza tu jinsi mkono ulivyokatika na damu ilivyoruka, au anakwepa kabisa kusimulia, huyo kimempita kimo. Binti yako mpe nafasi ya kukufundisha majina. Mwambie akuandikie orodha ya zote zilizomo kwenye flashi, na pembeni aandike yeye mwenyewe ipi angemruhusu mdogo wake. Nakuhakikishia ataandika kwa uaminifu kuliko unavyodhani. Alipokwambia ni katuni tu, alikuwa anaogopa kunyang'anywa zote.

Kwa mdogo, mwezi mzima huu mpe pumziko la mapigano. Mwekee Totoro, au Ponyo ya mwaka 2008, au Kiki's Delivery Service. Doraemon yule paka wa bluu ni wa umri wake, ingawa zile za zamani zina vipande vya msichana Shizuka kukutwa anaoga ambavyo ungependa kuviruka. Kama anapenda mpira, Captain Tsubasa. Spirited Away ya mwaka 2001, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2003, isubiri kidogo: Chihiro ana miaka 10 na wazazi wake wanageuzwa nguruwe mbele ya macho yake. Ni filamu nzuri mno, lakini mdogo kwanza apone hofu ya kumpoteza mama, kisha muiangalie wote, akijua tangu mwanzo kwamba wazazi wanarudi.

Binti wa miaka 13 anaweza Haikyuu!!, ya kijana mfupi anayecheza mpira wa wavu, bila wasiwasi wowote. One Piece na Naruto anaweza, kwa mazungumzo, kwa sababu zote mbili zina vipande vya mzaha juu ya miili ya wanawake. A Silent Voice ya mwaka 2016, kuhusu msichana kiziwi anayeonewa shuleni, angalieni pamoja, kwa kuwa ndani yake kuna kijana na binti wanaofikia kutaka kujiua, na mazungumzo yatakayofuata yatakuwa na thamani kuliko filamu. Demon Slayer aiangalie baba akiwa sebuleni. Death Note isubiri mpaka 15. Attack on Titan mpaka 16, na Made in Abyss asiitazame akiwa chini ya paa lenu.

Flashi isichomwe. Kaeni wanne, binti ashike kompyuta, baba aone kila jina linalofutwa na kila linalobaki. Kisha nakuomba umshawishi binti amsalimie baba yake kwanza, asisubiri kuitwa.